Familia ya Hopkins na Bonde la Bi Tatu

Walimu vijana wa Kisarawe waliniaga kwa chai, maandazi na hotuba mbili, na katika hotuba zote mbili nilisifiwa kwa mambo ambayo sikuyafanya. Mmoja alisema mimi ndiye niliyeleta Kiingereza katika vijiji vyetu. Sikumkatiza kwa sababu nilikuwa na andazi mdomoni. Lakini sasa nimekaa nyumbani miezi mitatu bila kengele ya kunikimbiza, na naona ni afadhali niandike mwenyewe nilileta nini, na kilimgharimu nani. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara nitauruka kwa sababu hiyo hiyo.

Nilipangiwa Mzenga nikiwa na miaka ishirini na masharubu ambayo bado nilikuwa nayasubiri. Kwanza nilipanda Kisarawe bomani kuchukua vifaa. Karani alinihesabia makopo mawili ya chaki, ramani ya dunia iliyoliwa na mchwa upande wa Australia, na vitabu kumi na kimoja vya kusomea Kiingereza. Nikamwuliza darasa lina watoto wangapi.

"Thelathini na wanne," akasema.

"Basi vitabu vimepungua."

Akanitazama juu ya miwani yake kwa huruma. "Vitabu havijapungua, Mwalimu. Watoto ndio wamezidi."

Nikatia sahihi, nikapata mtu wa kunisaidia kubeba, tukashuka kwa miguu hadi Mzenga.

Kitabu chenyewe kilihusu familia ya Bwana Hopkins. Alikuwamo yeye, mkewe, watoto wao wawili, na mbwa aliyeruhusiwa kulala ndani. Kila somo lilihusu jambo la maisha ya kila siku: chakula cha asubuhi, safari ya treni, mpeleka barua, theluji, zimamoto. Kila baada ya masomo matano ulikuwapo ukurasa wa maarifa ya jumla: kwa nini bahari ina chumvi, makaa ya mawe yanachimbwaje, meno yanasafishwaje. Aliyekiandika alikuwa na nia njema. Alitaka mtoto ajifunze kusoma kwa vitu anavyoviona kila siku, ila hakusema ni mtoto wa wapi.

Mwalimu wangu mkuu pale Mzenga alikuwa Mwalimu Mwinyimvua. Alianza kufundisha wakati wa Wajerumani, na serikali zilipobadilika yeye hakubadilisha hata fimbo. Ndiye aliyenifunza kazi, na mengi aliyonifunza yalikuwa ya kweli: ubao ufutwe kutoka juu kwenda chini ili vumbi lisikuingie machoni, chaki ikatwe vipande vitatu, na mtoto mwenye njaa asipigwe. Siku ya kwanza alinikabidhi kitabu cha Hopkins akaniuliza kama nakijua.

"Nakijua kwa ghibu," nikasema. Ndivyo tulivyokisoma chuo cha ualimu, kutoka somo la kwanza hadi la arobaini.

"Basi unajua Kiingereza," akasema.

Nilimwamini. Kijana wa miaka ishirini akipewa habari ya namna hiyo haombi ushahidi.

Watoto walikaa sakafuni, watatu watatu au wanne wanne, wakakizunguka kitabu kimoja. Aliyekaa mbele ya kitabu alisoma wima, na aliyekaa ng'ambo alisoma juu chini. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa na wanafunzi saba ambao, ukiwapa kitabu kilichokaa sawasawa, kwanza wanakigeuza ndipo waanze kusoma. Nilimpelekea Mwalimu Mwinyimvua tatizo hilo. Akawasikiliza wote saba, mmoja baada ya mwingine, kisha akasema, "Waache. Wameshazoea njia yao."

Watoto hao wote walitoka chuo cha Kurani, kwa maalimu, kabla ya kuja kwetu. Walijua kusoma ni nini: unakaa, unayumba kidogo, unaifuata sauti ya mwalimu mpaka maneno yatulie kifuani, na maana utaipata ukishakua, inshallah. Kwa Msahafu hiyo ni heshima yake, nami nimelelewa katika heshima hiyo na sina ugomvi nayo. Kosa letu ni kwamba tuliichukua heshima ile ile tukampa Bwana Hopkins. Watoto thelathini na wanne walisoma mayai yake ya asubuhi kwa mahadhi, macho yamefumbwa, wakiyumba. Wapita njia waliposikia walipunguza sauti. Mzee mmoja aliyekuja kumwuliza mjukuu wake mambo ya mbuzi alivua makubazi mlangoni, akasubiri kwa adabu mpaka Bi Hopkins alipomaliza kumimina chai.

Na mtoto alipokisoma kitabu chote bila kukwama, wazazi walifanya linalofanywa. Alivishwa kanzu mpya na kofia, akazungushwa kijijini kwa nyimbo, pilau ikapikwa. Mwalimu alipewa kitambaa na paja la mbuzi. Nilikaa Mzenga miaka tisa, na katika miaka hiyo sikupungukiwa na mapaja ya mbuzi. Ndiyo maana sikuuliza sana kama wanaelewa wanachokisoma.

Waliouliza ni wao. Siku moja binti mmoja alitaka kujua kwa nini Bwana Hopkins anawasha moto sebuleni na hapiki kitu. Nikamgeukia Mwalimu Mwinyimvua, akasema, "Ana kuni nyingi." Mwingine akauliza theluji ni nini. Nikasema ni kitu cheupe mithili ya unga, kinaanguka kutoka mbinguni. Darasa zima likaamka. Wakataka kujua kama unga huo unasongeka ugali, kama ni wa mhogo au wa mtama, na kama Wazungu wanaupata bure hivyo, wanatafuta nini kwetu. Nikawaambia maswali hayo hayamo kitabuni.

Mkaguzi alikuja mara moja kwa mwaka kwa pikipiki. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia, akasikiliza somo la zimamoto likisomwa na darasa zima, wengi wao bila kitabu, akaandika katika daftari la shule kwamba usomaji ni mzuri sana. Mzenga ya wakati ule haikuwa na dirisha hata moja la kioo, lakini hakukuwa na mtoto asiyejua kwamba nyumba ikiungua unavunja kioo kilicho ukutani na kuvuta mkono wa chuma wa kengele ya zimamoto. Mwaka uliofuata jiko la jirani wa shule liliungua kweli, na watoto wakakimbilia ndoo za maji kama watu wengine wote.

Vita ilipokwisha nilihamishiwa Kongowe. Nasema Kongowe ya Kibaha. Ipo nyingine upande wa Dar es Salaam, na kwa ajili yake barua zangu zilipotea miaka miwili. Shule ilikuwa na vyumba viwili, na tuliagizwa kuanzisha darasa la watu wazima baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa nimehama na vitabu vyangu vya Hopkins, vilivyobaki vinane, basi nikawafungulia watu wazima somo la kwanza. Walikuja wanane, na kati yao mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa Koplo Mbwana.

Koplo alikuwa amerudi kutoka Burma, ambako kwa miaka minne alikuwa mtumishi wa afisa mmoja wa Kizungu. Alimpigia pasi, akampikia chai, akamsikiliza akigombana na dunia nzima. Kiingereza kilimwingia masikioni kikakaa. Alikizungumza kama mtu anayemwaga maji, ingawa nusu ya maneno yake siwezi kuyaandika hapa. Lakini hakujua kusoma hata herufi moja ya Kizungu, na ndicho alichokifuata kwangu.

"Mwalimu," aliniambia wiki ya kwanza, "miaka minne sikumsikia Mzungu hata mmoja akiongea kama huyu Hopkins."

"Hicho chako ni Kiingereza cha jeshini," nikamjibu. "Hiki ndicho safi."

Ukweli ni kwamba nilikuwa namwogopa. Aliponisemesha kwa Kiingereza nje ya darasa, nilikohoa, nikaitikia, nikakumbuka kazi niliyoiacha mahali. Ndani ya darasa nilihakikisha tunasoma tu, hatuzungumzi. Alikuwa akikwama kwenye herufi, anatoka jasho, nami nilimwacha akwame kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Hilo linanitia aibu mpaka leo, lakini wakati ule lilinifurahisha.

Siku moja ya Jumatatu, Mzee Pazi alituma mtu kuniita. Mzee Pazi alikuwa na shamba kubwa upande wa juu wa barabara, la mikorosho na minazi, na alikuwa na baraza ya saruji ambayo aliijenga ili apate wageni. Binti yake, Bi Tatu, alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Yeye alilima mpunga katika bonde lililo upande wa chini wa barabara, lililopakana, kama shamba la baba yake, na shamba la mkonge la Wazungu. Bonde hilo lilikuwa dogo, lakini ndilo lililomlisha yeye na wanawe, na alililima kwa mikono yake mwenyewe.

Nilikuta wazee sita barazani, na Bi Tatu amekaa kizingitini. Tarishi alikuwa ameleta barua ya Kiingereza kutoka kwa wapima ardhi. Alisema zile za Kiswahili zingefuata, na kwa kadiri ninavyojua bado zinafuata.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Hebu tusomee, tumekusubiri wewe."

Nikaipokea. Niliona neno Jumanne nikalijua. Niliona Ijumaa, niliona miti, niliona kuonyesha, niliona upande wa chini na upande wa juu. Katikati ya hayo yalikuwapo maneno marefu ambayo Bwana Hopkins hakuyatamka maisha yake yote. Hapo ndipo nilipopaswa kusema: Mzee, humu ndani nayajua maneno machache tu. Badala yake nilikohoa, nikaisoma barua yote kwa mahadhi ya Mzenga, bila kukwama hata mahali pamoja. Nilipomaliza, mzee mmoja alisema mashaallah.

"Sasa maana yake," akasema Mzee Pazi.

Ilibidi niipate mahali, nikaipata katika somo la ishirini na tatu. Katika somo hilo familia ya Hopkins inakwenda kumtembelea mjomba shambani, naye anawaonyesha miti yake ya matunda. Lilikuwa na siku, lilikuwa na wageni, lilikuwa na miti ya kuonyeshwa. Nikawapa hilo. Nikasema mkubwa wa Kizungu atakuja kutembea, Jumanne kwa ajili ya upande wa chini na Ijumaa kwa ajili ya upande wa juu, apate kuonyeshwa miti, maana serikali inawapenda wakulima wenye miti mizuri.

"Atakuja hapa hapa nyumbani?" akauliza Mzee Pazi, na tayari uso ulikuwa umechangamka.

Katika somo la ishirini na tatu wageni wanafikia nyumbani. "Hapa hapa nyumbani," nikasema.

Jumanne baraza ilifagiliwa mara mbili. Mikeka ikatandikwa, madafu yakaangushwa, wazee wakavaa kanzu. Bi Tatu, ambaye siku zile mpunga wake ulikuwa umeanza kukomaa na ndege walikuwa wakiusumbua, aliacha bonde tangu alfajiri akachinja kuku wawili. Mimi nilifunga shule nikaja kuwa mkalimani. Nilikuwa nimejiandalia sentensi nne za mjomba wa Hopkins, mojawapo ikiwa ya kumkaribisha mgeni avue koti lake zito.

Tulisubiri mpaka adhuhuri, tukasubiri mpaka alasiri, na mgeni hakutokea. Kuku walipoanza kupoa tukawala wenyewe. Bi Tatu akateremka bondeni kuwinga ndege, na baada ya muda mfupi akarudi, miguu imejaa tope.

"Baba, kuna vigingi katika mpunga wangu," akasema. "Vimepakwa rangi nyekundu, kutoka kwenye mkonge mpaka barabarani. Jirani ananiambia alikuja Mzungu asubuhi na watu wanne. Alisimama kwenye daraja dogo akaita mara tatu. Akaandika kitabuni mwake, akapigilia, akaondoka."

Mzee Pazi akafikiri. "Amepotea njia," akasema, kisha akanitazama.

"Ijumaa atafika nyumbani," nikasema.

Bi Tatu hakuridhika. "Mwalimu, mtu anayekuja kutazama miti anapigilia vigingi vya nini?"

Nikamwambia ndivyo Wazungu wanavyoweka kumbukumbu ya matembezi. Nililisema hilo kwa sauti yangu ya darasani, na yeye akaitikia kwa kichwa, kwa sababu alinifikiria kuwa mtu mwenye kujua.

Alhamisi alasiri nilifika darasani mapema nikamkuta Koplo ameshakaa, kitabu hakukifungua.

"Nimepita bondeni," akasema. "Vigingi vile si vya matembezi, Mwalimu. Nimewauliza wapagazi wao, wanasema wao kazi yao ni kupigilia tu. Barua ilisemaje?"

Nikakohoa. Koplo akasubiri, maana jeshini alifunzwa kusubiri.

"Barua iko kwa Mzee," nikasema mwishowe.

"Basi twende."

Njiani hakuniuliza kitu. Mimi nilipanga niombe barua kwa hila, niseme nataka kunakili anwani, tukaisomee pembeni, na jina langu libaki mahali pake. Tulipofika, wazee wale wale walikuwa barazani wakipanga nani ataangusha madafu ya kesho. Nikatoa ombi langu.

"Karatasi ya serikali haitoki nyumbani kwangu," akasema Mzee Pazi. "Unataka kuisoma, isome hapa."

Bi Tatu alikuwa kizingitini akipepeta mchele. Nilisimama mbele yao. Nawaambia ninyi vijana, nimesimama mbele ya wakaguzi kumi na wawili katika maisha yangu, na hakuna hata mmoja niliyemwogopa kama nilivyowaogopa wazee wale. Nilijua nikisema ukweli sitaitwa tena kusoma kitu Kongowe, na nikinyamaza kesho vitapigiliwa vingine.

"Mzee," nikasema, "Jumatatu sikuisoma barua hii. Niliiimba tu. Maana niliyowapa si yake, niliitoa katika kitabu cha watoto."

"Kitabu cha watoto wa nani?" akauliza Mzee Pazi.

"Wa familia moja ya Ulaya."

"Wana mikorosho?"

"Hawana, Mzee."

Akanipa barua kwa mkono wa kushoto, na yeye si mtu asiyejua adabu. Nikakaa chini, Koplo akakaa karibu yangu, tukaanza. Mimi nilijua kuzitamka herufi na sikujua maana. Yeye alijua maana na hakujua herufi. Nilisoma neno moja moja, bila mahadhi, naye alifumba macho akasikiliza.

"Rudia," alisema. "Rudia tena. Polepole. Ah, hilo hawalitamki hivyo, wanalitamka hivi," kisha akalisema kama alivyolisikia kwa afisa wake, nalo likawa neno. Pengine ilibidi nilitamke kwa namna tano ndipo alitambue. Wapo wazee waliocheka mwanzoni, lakini baadaye waliacha. Ilichukua muda wa kuivisha chungu cha kunde.

Barua ilisema kwamba mpaka wa shamba la mkonge unapimwa upya. Kila mwenye miti au mazao karibu na mpaka asimame kwenye daraja dogo la barabarani saa mbili asubuhi, Jumanne kwa upande wa chini, Ijumaa kwa upande wa juu, aonyeshe kwa mkono wake kilicho chake. Mahali ambapo hapatasimama mtu pataandikwa kuwa hapana mwenyewe. Sentensi hiyo ya mwisho Koplo aliisema mara mbili, na mara ya pili aliisema chini chini.

Ungo wa Bi Tatu ulikuwa umetulia.

"Jumanne saa mbili," akasema, "mimi nilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nachinja kuku," akajijibu.

Ijumaa tulikuwa darajani kabla jua halijapanda. Mpima alipokuja alimkuta Mzee Pazi na kijiji kizima nyuma yake, na Koplo Mbwana amesimama wima mbele. Koplo alimweleza kila kitu kwa Kiingereza cha afisa wake, na kwa namna mpima alivyoshtuka nadhani yalimponyoka maneno mawili matatu ya Burma. Mzee alizunguka shamba lake akigusa kila mkorosho kwa kiganja, mmoja mmoja, nami nikaandika. Mpaka ukasogezwa. Mikorosho ilibaki, minazi ilibaki, na baraza ya saruji ilibaki.

Kisha Koplo akaliombea bonde. Mpima hakuwa mtu mbaya. Alifungua kitabu chake, akarudisha ukurasa nyuma, akatuonyesha: Jumanne, ameita mara tatu, hakuna aliyeitika. Alisema anaweza tu kutuelekeza tuandike bomani. Tuliandika, mimi mkono na Koplo kinywa. Nilipanda Kisarawe mara tatu kulifuatilia jambo hilo, na mara zote tatu niliambiwa ningoje. Jibu lilikuja baada ya masika. Lilikuwa na mistari miwili, na hiyo niliielewa bila msaada.

Bonde likaenda. Bi Tatu aliruhusiwa kuvuna mpunga uliokuwamo, na baada ya hapo trekta likapita, mkonge ukapandwa. Mzee Pazi aliendelea kuniitikia salamu, na mbele za watu alisema mpima yule alipotea njia. Nadhani alikuwa akinisitiri. Mimi nilijua aliyepotea njia ni nani, na nilikuwa nikizunguka mbali kwenda shuleni nisipite penye vigingi vile. Niliomba kuhamishwa. Sikuhamishwa, na leo nashukuru.

Siku ya pili baada ya jibu kuja, alasiri, nilikuwa darasani na watu wangu wanane. Nilikuwa nimefungua somo la kwanza, Bwana Hopkins anaamka, kwa sababu sikujua kufungua kingine. Bi Tatu akaingia. Tangu siku ya ungo hakuwa amenisemesha. Koplo akasogea, naye akakaa kwenye benchi la watoto, magoti juu. Akafungua pindo la kanga, akatoa ile barua ya wapima iliyokuwa kwa baba yake, imekunjwa mara nne.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, ingawa tulikuwa rika moja.

"Marahaba, Bi Tatu."

"Kifunge hicho. Nifundishe hii."

Nikakifunga. Vijana wangu mmekuwa mkiniuliza nilipata wapi ile desturi yangu ya kufundishia kwa tangazo la mnada, kwa karatasi ya pakiti ya mbegu, kwa maandishi ya kopo la dawa ya kunguni, kwa nyuma ya tiketi ya basi. Mlidhani ni mbinu niliyoisoma. Mkaguzi mmoja aliiandikia sifa, mwingine akaikataza, nami sikumweleza yeyote kati yao ilikotoka. Ilitoka kwenye benchi lile. Tangu siku ile katika darasa langu hakuna aliyeimba, na aliyekwama aliruhusiwa kukwama, mwalimu akiwa wa kwanza.

Alasiri ile tulisoma mstari mmoja tu. Nilimwonyesha herufi, Koplo akamwambia zinavyosikika, naye akarudia kwa sauti ndogo, kavu.

"Jumanne imeandikwa wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya neno lile. Nikamwambia tuendelee na linalofuata, lakini hakukiondoa.